Kugaragaza kwa Kiingereza: Maana na Matumizi ya Kitenzi “trounce”

“Trounce” ni kitenzi cha Kiingereza kinachomaanisha kumshinda mpinzani kwa tofauti kubwa isiyoacha nafasi ya ubishi. Mwandishi wa michezo wa Kiswahili angesema kugaragaza, kubamiza au kushushia kipigo kizito. Anayeshindwa kwa namna hiyo hawezi kumlaumu mwamuzi wala kusingizia jua la saa tisa, kwa kuwa amezidiwa kila idara.

Vitenzi vya kawaida vya ushindi hueleza tu nani amepata na nani amekosa. “Trounce” kina kipimo ndani yake: kinataja ushindi na ukubwa wa pengo kwa pamoja. Atumiaye neno hili bila kutazama pengo atakuwa ametoa taarifa ya uongo, hata kama mshindi aliyemtaja ndiye.

Pengo linalostahili neno hili

Mfano unaoonyesha mpaka wa neno hili vizuri ni wa Ujerumani katika Kombe la Dunia la 2014. Tarehe 8 Julai, mjini Belo Horizonte, Ujerumani iliifunga Brazil 7-1 katika nusu fainali. Bao la kwanza liliingia dakika ya 11. Kati ya dakika ya 23 na ya 29 yakaingia mengine manne, na timu zikaenda mapumziko ubao ukisoma 5-0. Siku tano baadaye Ujerumani hiyohiyo iliifunga Argentina 1-0 katika muda wa nyongeza na kutwaa kombe. Ushindi wa pili ndio ulioleta taji, lakini ni ule wa kwanza tu unaoweza kuelezwa kwa “trounce”. Neno hili halijali thamani ya kombe, linajali pengo.

Halijali pia pengo hilo lilipatikana lini. Tarehe 5 Novemba 2023, katika Ligi Kuu ya Tanzania, Simba na Yanga zilikwenda mapumziko zikiwa 1-1. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, Yanga ilikuwa imeshinda 5-1. Mchezo ule ulikuwa wa vuta nikuvute kwa dakika 45, lakini mwandishi wa Kiingereza bado ana haki ya kuandika “Yanga trounced Simba 5–1”, kwa sababu kitenzi hiki husoma matokeo ya mwisho. Mashabiki wa Simba nao wana mfano wao wa Mei 2012, timu yao ilipoifunga Yanga 5-0.

Hakuna kanuni inayotaja idadi ya mabao. Katika soka, 4-0 au 5-1 hakuna atakayeipinga, 3-0 hutegemea mchezo ulivyokuwa, na 1-0 au 2-1 haifai kabisa. Katika mpira wa kikapu, ambako timu moja huweza kufikisha pointi 80 au zaidi, tofauti ya pointi nne ni ndogo mno. Kila mchezo una mizani yake, na mwandishi hupima kwa mizani ya mchezo anaouandika.

Uchaguzi nao hupimwa vivyo hivyo. Katika uchaguzi wa rais wa Kenya wa Desemba 2002, Mwai Kibaki alipata takriban asilimia 62 ya kura na Uhuru Kenyatta takriban asilimia 31. Mshindi alipata karibu mara mbili ya mpinzani wake, hivyo “trounced” ni neno la haki. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga. Kutumia “trounced” hapo ni kosa la ukweli, tena si la lugha peke yake.

Neno lilikotoka

“Trounce” limo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 16. Mwanzoni lilimaanisha kusumbua, kutesa au kuadhibu. Lilitumika katika Biblia ya Kiingereza ya karne hiyo, kwenye Waamuzi sura ya 4, mahali panaposimuliwa jinsi Mungu alivyomvuruga Sisera na jeshi lake mbele ya Baraka. Baadaye likachukua maana ya kuchapa kwa fimbo, na kutoka hapo likaingia katika mashindano. Asili yake ya mbali haijulikani. Wako wanaolihusisha na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kukata vipande, lakini uhusiano huo haujathibitishwa.

Safari hiyo, kutoka fimbo mwilini hadi mabao wavuni, si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili. Kuchapa, kucharaza na kutandika ni vitenzi vya bakora, na vyote vimehamia uwanjani. Leo “trounce” kwa maana ya kumpiga mtu kwa fimbo linasikika la kizamani. Maana ya ushindi mkubwa ndiyo iliyobaki hai.

Matamshi na maumbo

Neno hutamkwa kwa silabi moja, “trauns”, likifanana kwa sauti na “bounce” na “pounce”. Kiswahili hupenda silabi ziishe kwa irabu, ndiyo maana wengi huanza kwa kusema “turaunsi”. Dawa yake ni kuziunganisha t na r bila irabu kati yake, na kufunga kinywa kwenye s bila kuongeza i.

Maumbo yake hufuata kanuni. Wakati uliopita ni “trounced”, unaotamkwa “traunst” kwa t mwishoni. Herufi e iliyo kabla ya d haisikiki. Umbo la kuendelea ni “trouncing”, ambalo hudondosha e ya mwisho. Katika nafsi ya tatu umoja huwa “trounces”, na hapo silabi huwa mbili: “traunsiz”. Tahajia yake isichanganywe na “trance”, neno lenye maana ya hali ya kupoteza fahamu au kupandisha mashetani.

Umbo la “trouncing” hutumika pia kama nomino yenye maana ya kipigo kizito. Mshindi hutoa kipigo hicho kwa “give”, kama katika “Germany gave Brazil a trouncing”. Aliyeshindwa hukipata kwa “take”, “suffer” au “receive”. Nomino hii huhitaji “a” mbele yake ikitajwa mara ya kwanza, na wanaojifunza huisahau mara nyingi kwa sababu Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo.

Kuijenga sentensi

“Trounce” ni kitenzi elekezi: lazima kiwe na yambwa, yaani anayeshindwa atajwe. “Germany trounced Brazil” imekamilika. “Germany trounced” inaning’inia, na msomaji hubaki akiuliza ni nani aliyepigwa.

Kati ya kitenzi na yambwa haliingii neno lolote. Kiswahili husema timu imepata ushindi dhidi ya nyingine, na hapo ndipo wanafunzi hupata wazo la kuandika “trounced against Brazil” au “trounced over Brazil”. Zote mbili ni makosa. Matokeo huja baada ya yambwa, namba ya mshindi ikitangulia: “Germany trounced Brazil 7–1”. Mahali na hatua ya mashindano hufuata: “in the semi-final”, “at home”. Ukitajwa mchezo wenyewe, hutanguliwa na “at”, kama katika “she trounced her brother at chess”, alimgaragaza kaka yake katika sataranji.

Kauli ya kutendwa hutumika sana, hasa habari inapomhusu aliyeshindwa: “Brazil were trounced 7–1 by Germany”. Namba kubwa hubaki mbele ingawa anayetajwa kwanza ni aliyefungwa. Katika mazungumzo, “were” hupisha “got”: “we got trounced”, yaani tulipigwa vibaya. Neno “by” linaweza kumtaja mshindi au kutaja tofauti ya mabao, kama katika “by six goals”. Yote mawili yakikutana katika sentensi moja huwa mazito, kwa hiyo kuandika matokeo kwa tarakimu ni njia nyepesi zaidi.

Kiswahili kina kauli ya kutendana, na timu mbili zinaweza kuchapana. Kwa “trounce” haiwezekani, kwa kuwa pengo haliwezi kuelekea pande mbili katika mchezo mmoja. Vivyo hivyo kielezi cha udogo hakikai nacho: “narrowly trounced” ni sawa na kusema amegaragazwa kidogo. Vielezi vinavyokubalika ni vya kukazia, hasa “soundly” na “thoroughly”, ingawa mara nyingi kitenzi hujitosheleza.

Ukanushi nao una lake. “They were not trounced” haimaanishi kwamba walishinda. Humaanisha kwamba hawakupigwa vibaya, na msikilizaji wa Kiingereza huelewa mara moja kwamba walishindwa kwa tofauti ya heshima.

Vichwa vya habari vina desturi yao. Kiswahili huandika “Yanga yaitandika Simba”, kitenzi kikiwa katika wakati uliopo ingawa mchezo umekwisha. Kiingereza hufanya hivyohivyo: “Yanga trounce Simba”. Kwa desturi ya Kiingereza cha Uingereza, inayofuatwa pia na magazeti ya Afrika Mashariki, timu huhesabiwa kama watu wengi, ndiyo maana kitenzi hakina s. Marekani klabu yenye jina la umoja huhesabiwa kitu kimoja, na mhariri wa huko angeandika “Yanga trounces Simba”.

Mtego wa “kushinda”

Kosa lililozoeleka zaidi kwa wasemaji wa Kiswahili halimo ndani ya “trounce” lenyewe, limo katika jirani zake wawili, “win” na “beat”. Kitenzi kushinda hufanya kazi za vyote viwili: tumeshinda mechi, tumewashinda Simba. Kiingereza huzigawa. Yambwa ya “win” ni kile kinachopatikana, yaani mechi, kombe, kiti au kesi. Yambwa ya “beat” ni mpinzani. Mwanafunzi anayeandika “we won them” ametafsiri tuliwashinda neno kwa neno. Anachotakiwa kuandika ni “we beat them”.

“Trounce” liko upande wa “beat”. Hushika mpinzani, halishiki kombe. “They trounced the cup” haina maana, labda kombe lenyewe liwe limecheza.

Kushindwa nako kuna mtego wa aina hiyo. “Lose” huchukua mchezo au kiti, na mpinzani huongezwa kwa “to”: “we lost the match to them”. Tulishindwa nao huwafanya wengi waandike “we were lost by them”, sentensi inayomfanya Mwingereza afikirie watu waliopotezwa njiani. Kauli ya kutendwa iliyo sahihi ni “we were beaten by them”, na pengo likiwa kubwa, “we were trounced by them”.

Ndugu wa “trounce”

Kiingereza kina vitenzi vingi vya ushindi mkubwa, na kila kimoja kina picha yake. Anayezijua picha hizo hachagui kwa kubahatisha.

“Thrash” ndicho kinachokaribiana zaidi na “trounce”, na katika soka vinabadilishana bila shida. Asili yake ni kupura nafaka, yaani kupiga masuke kwa mti mpaka punje zitoke. Kiswahili nacho kimelima shamba hilohilo: timu hutwanga, hukung’uta na hupepeta wapinzani kama mpunga. Tofauti iliyopo ni kwamba “thrash” bado lina maana hai ya kumchapa mtu kwa fimbo, na “trounce” limekwisha kuiacha.

“Drub”, ambalo hutumika zaidi kama nomino “drubbing”, liliingia Kiingereza katika karne ya 17 kupitia simulizi za wasafiri waliokwenda nchi za Mashariki, na huenda linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupiga. Ikiwa ndivyo, ni jamaa wa neno la Kiswahili dharuba, lenye maana ya pigo, lililotoka katika mzizi huohuo.

“Rout” linaongeza jambo ambalo “trounce” halina: kuvunjika kwa safu na kukimbia ovyo. Mahali pake pa asili ni vitani. Mnamo Novemba 1914, takriban wanajeshi 8,000 wa Uingereza na India walishuka Tanga kuwakabili takriban 1,000 wa Kijerumani na askari wao wa Kiafrika chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Baada ya siku chache walirudi mbio ufukweni na kupanda meli, wakiacha nyuma bunduki, bombomu na risasi. Hiyo ni “rout” kamili. Likitumika michezoni, neno hili hubeba picha ya ngome iliyosambaratika na wachezaji wasiojua tena nani amkabe nani.

“Crush” ni kuponda, na hufaa zaidi pale aliyeshindwa anapovunjika moyo au nguvu. “Hammer” ni nyundo, na hupendwa na vichwa vya habari kwa ufupi wake. “Clobber” ni neno la mitaani lililoenea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Lisiingie katika maandishi rasmi. “Vanquish” na “conquer” ni vya hadhi ya juu, vya vita, historia na fasihi. Kuandika kwamba timu ya wilaya ime“vanquish” jirani yake ni kama kumvisha mshika kibendera joho la jaji.

Upande wa pili wa mizani viko vitenzi vinavyoeleza ushindi mwembamba. “Edge” na “edge out” ni kushinda kwa chupuchupu, na hapo ndipo inapokaa fainali ya Ujerumani na Argentina ya 2014.

Mahali panapofaa na pasipofaa

“Trounce” ni neno la gazeti na la mazungumzo ya watu wazima. Si la mitaani, lakini si la hati rasmi pia. Hufaa michezoni, katika siasa, na katika ushindani wa biashara, kwa mfano kampuni inapomwacha mbali mshindani wake kwa mauzo.

Haliingii katika tangazo la tume ya uchaguzi, hukumu ya mahakama au barua ya pongezi kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Huko huandikwa “defeated”, na tofauti ikatajwa kwa takwimu. Sababu ni kwamba “trounce” lina chembe ya kejeli. Humfurahia mshindi na kumcheka kidogo aliyepigwa. Kwa sababu hiyohiyo halipendezi kwa vita vya karibuni vilivyoua watu, ambako wepesi wake huwa utovu wa adabu. Magonjwa nayo yana vitenzi vyake: malaria hutokomezwa, na Kiingereza husema “eliminate” au “defeat”.

Kutafsiri kwenda na kurudi

Kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kazi ni ya kuchagua tu. Katika soka, kugaragaza, kubamiza na kubugiza mabao vinafaa moja kwa moja. Kipigo cha mbwa koko hubeba ladha ya “trouncing”, lakini ni cha vijiweni. Katika siasa, kubwaga ni kushinda tu, kwa hiyo pengo lazima liongezwe: alimbwaga kwa kishindo. Palipo rasmi, kushinda kwa tofauti kubwa hutosha.

Kurudi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ndiko kwenye hatari. Kurasa za michezo za Kiswahili hutumia vitenzi vikali kwa ushindi wa kila aina: timu huilaza, huichapa au huitungua nyingine hata kwa 1-0. Ukali umekuwa mapambo, haupimi tena pengo. Mtafsiri anayekutana na “yaichapa” na kuandika “trounced” kwa sababu tu fimbo imetajwa, atakuwa amemdanganya msomaji wake. Dawa ni kusoma matokeo kabla ya kusoma kitenzi. Kuchapa kwa 1-0 ni “beat” au “edged”. Kuchapa kwa 5-0 ni “trounced”.

Sentensi tano za kujipima

“Simba trounced Yanga 2–1.” Sarufi haina kosa, kosa ni la pengo. Iandikwe “beat” au “edged”.

“Yanga trounced against Simba 5–1.” Liondolewe “against”.

“We won them 6–0.” Mpinzani si yambwa ya “win”. Iandikwe “we beat them 6–0”, na kwa pengo hilo “we trounced them 6–0” ni bora zaidi.

“Brazil was given trouncing.” Nomino imekosa “a”: “Brazil were given a trouncing”. Kwa desturi ya Marekani “was” hubaki.

“The Commission announced that the candidate had trounced his rival.” Sarufi ni sahihi na pengo huenda lilikuwepo, lakini tume haisemi hivyo. Iandikwe “defeated”, na “trounced” liachwe kwa mwandishi wa safu ya maoni.